Jinsi ya kujua mbunge wako alipiga kura gani, na kumwuliza kwa maandishi: mwongozo kamili

Kila mswada mkubwa unapopita, swali huwa ni lile lile: mbunge wetu alikuwa upande gani? Jibu linalofika kwanza ni picha ya orodha ya majina, imepita simu hadi simu, haina tarehe wala jina la mswada.

Wanaoamua kutafuta wenyewe hukwama mahali pale pale. Wanafungua rekodi ya siku isiyo yake, au wanatafuta majina katika kura ambayo majina hayakuandikwa. Wengine hulipata jina, kisha wakaandika barua ya hasira yenye maswali kumi, wakajibiwa kwa shukrani na salamu za heri.

Mwongozo huu ni wa Bunge la Taifa la Kenya. Seneti ina utaratibu wake, nimeueleza karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Kama unatumia simu, weka programu ya kusoma PDF inayoweza kutafuta neno ndani ya faili. Bila hiyo utachoka bure.
- Jina rasmi la mbunge na jina la eneobunge lake. Jina analoitwa mtaani au kwenye mabango ya kampeni huenda si lile lililo katika rekodi.
- Jina kamili la mswada na mwaka wake. "Ule wa kodi" hautoshi.
- Daftari moja la kazi hii peke yake. Usiandike kwenye karatasi za kutupwatupwa.
- Katiba ya Kenya, angalau Ibara za 35, 118, 119 na 122.

Tenga jioni mbili. Ya kwanza ni ya kutafuta, ya pili ni ya kusoma ulichokipata ukiwa umetulia.

## Hatua ya 1: Chagua uamuzi mmoja

Usianze na "rekodi yote ya mheshimiwa". Hakuna ukurasa mmoja wa serikali utakaokupa hiyo, na hata ungekuwapo, barua inayouliza yote haijibiwi.

Chagua uamuzi mmoja uliogusa watu wa kwenu na unaoweza kuueleza kwa sentensi moja. Katika mwongozo huu nitatumia Mswada wa Fedha wa 2024, kwa kuwa tarehe zake zinafahamika na kura zilihesabiwa.

Fungua mswada wenyewe pia. Kenya Law, tovuti rasmi ya sheria za Kenya, na tovuti ya Bunge, parliament.go.ke, huchapisha miswada. Soma vifungu unavyovilalamikia. Nimewaona watu wakimshutumu mbunge kwa kifungu kilichokuwa kimeshaondolewa kabla ya kura.

Umefaulu hapa ukiweza kusema: nataka kujua fulani aliamua nini juu ya kifungu fulani au mswada fulani.

## Hatua ya 2: Jua ilikuwa kura ya aina gani

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maamuzi mengi ya Bunge hufanywa kwa sauti. Spika huuliza, wanaokubali huitikia, wanaokataa huitikia, naye hutangaza upande ulioshinda. Hakuna karani anayeandika nani aliitikia nini. Katika Hansadi, yaani taarifa rasmi ya neno kwa neno, utakuta maneno mafupi tu ndani ya mabano: "Question put and agreed to". Ukiyaona hayo, acha kutafuta majina. Hayapo.

Majina hupatikana kura inapohesabiwa. Hilo hutokea wabunge wa kutosha wanapodai kura ihesabiwe baada ya ile ya sauti, au Katiba yenyewe inapotaka idadi maalum. Kubadilisha Katiba kunahitaji thuluthi mbili. Kupindua uamuzi wa Rais aliyekataa kutia saini mswada, vilevile. Kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 8 Oktoba 2024 ilikuwa ya aina hiyo: zilihitajika 233, zikapatikana 281 za kuunga mkono, 44 za kupinga, na mbunge mmoja hakuegemea upande wowote. Hapo kila jina lina mahali pake.

Sasa, kama kura yako ilikuwa ya sauti, usikate tamaa. Iko njia nyingine ambayo watu huisahau. Mswada hupitia kamati ya Bunge kabla ya kujadiliwa ukumbini, na kamati huandika ripoti. Nyuma ya ripoti huambatanishwa kumbukumbu za vikao na karatasi ya sahihi za wanakamati walioikubali. Kama mbunge wako ni mwanakamati, sahihi yake, au pengo lilipopaswa kuwa sahihi hiyo, linaweza kukuambia mengi kuliko kelele za ukumbini. Katika ripoti hiyo hiyo utaona pia maoni ya wananchi yaliyopokelewa chini ya Ibara ya 118, na kamati iliyajibu vipi.

Onyo: Usiandike "alipiga kura ya ndiyo" kwa sababu tu mswada ulipita kwa sauti naye alikuwamo ukumbini. Huna ushahidi, na atakuambia hivyo.

## Hatua ya 3: Tafuta tarehe sahihi, kisha kikao sahihi

Mswada haupigiwi kura mara moja. Kusomwa mara ya kwanza ni kutangazwa tu, hakuna mjadala. Kusomwa mara ya pili ni kuamua kama wazo la mswada linakubalika. Baada ya hapo wabunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, wakapitia kifungu kimoja kimoja na kukirekebisha. Kusomwa mara ya tatu ndiko kuupitisha ukiwa umekamilika.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipigiwa kura katika hatua ya pili tarehe 20 Juni: 204 waliunga mkono, 115 walipinga. Siku tano baadaye, tarehe 25 Juni, ulisomwa mara ya tatu: 195 waliunga mkono, 106 walipinga, na kura 3 ziliharibika. Hizo ni orodha mbili tofauti za mswada mmoja ndani ya juma moja.

Kikundi chetu kiliwahi kuteleza hapa. Tulimwandikia mbunge tukisema aliupitisha mswada fulani, kumbe tulikuwa tumesoma orodha ya hatua ya pili. Alitujibu kwa ukurasa wa Hansadi wa hatua ya tatu, akiwa amepiga kura ya kupinga. Barua ilikuwa imeshasomwa barazani mbele ya watu. Tulirudi barazani tukasahihisha, na tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka bila kuandikwa hatua ya mswada kando ya tarehe.

Jambo la pili ni kikao. Bunge la Taifa kwa kawaida hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na tena alasiri, na Alhamisi alasiri. Jumatano basi ina Hansadi mbili. Kama ulifungua ya Jumatano usione kitu, huenda umefungua ya asubuhi na kura ilipigwa baada ya saa nane na nusu.

Umefaulu ukiwa na mambo matatu daftarini: tarehe, kikao, na hatua ya mswada.

## Hatua ya 4: Soma orodha yenyewe

Ingia parliament.go.ke, upande wa Bunge la Taifa, ufungue Hansadi ya kikao hicho. Pakua faili usome ukiwa nje ya mtandao, kwa kuwa ni ndefu na kurasa hukawia kufunguka.

Tafuta neno DIVISION ndani ya faili. Hansadi kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, ingawa mbunge aliyezungumza Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, na neno hilo ndilo linalotumika kwa kura iliyohesabiwa. Chini yake tafuta AYES, waliounga mkono, na NOES, waliopinga. Wasioegemea upande huandikwa peke yao.

Usitafute jina tu ukafunga faili. Fanya hivi:

1. Soma swali lililopigiwa kura, mistari michache kabla ya orodha. Mara nyingine kura ni ya kurekebisha kifungu au kuahirisha mjadala, si ya mswada. "Ndiyo" kwa marekebisho ya kufuta kodi ni kinyume cha "ndiyo" kwa mswada wa kodi.
2. Tafuta jina katika orodha zote, si ile unayoitarajia tu.
3. Angalia kama kuna wabunge wawili wenye jina linalofanana. Hili limewaponza wengi.
4. Nakili nambari ya ukurasa.
5. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina pamoja na tarehe iliyo juu ya ukurasa. Kama haviingii katika picha moja, piga mbili.

Chini ya kila ukurasa utaona tangazo kwamba nakala ya mtandaoni ni ya kutoa habari tu, na kwamba nakala iliyothibitishwa hupatikana kwa Mkurugenzi wa Huduma za Hansadi na Sauti. Kwa barua ya kawaida, ya mtandaoni inatosha. Kama jambo linaelekea mahakamani, omba iliyothibitishwa.

Iko pia rekodi fupi ya kila kikao (Votes and Proceedings), isiyo na hotuba, inayoandika maamuzi tu. Ni nzuri kwa kuhakikisha. Mzalendo Trust nao wamekuwa wakifuatilia kazi za wabunge kwa miaka mingi, na kurasa zao husaidia kujua pa kuanzia. Lakini barua yako itegemee Hansadi, si muhtasari wa mtu mwingine.

## Hatua ya 5: Kama jina halipo kabisa

Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwondoa Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa kike wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Spika hana kura. Sasa hesabu: tarehe 20 Juni 2024 zilipigwa kura 319. Tarehe 25 Juni, 304 pamoja na zilizoharibika. Hata ukiacha viti vilivyokuwa wazi, wapo ambao majina yao hayamo popote.

Kwangu mimi hili ni jibu kamili, na pengine ndilo muhimu kuliko yote. Mbunge asiyependa kuudhi chama wala wapiga kura anaweza kuwa nje ya ukumbi dakika ile ya kura.

Hata hivyo, kutokuwapo si ushahidi wa hila. Mtu huugua, hufiwa, hutumwa nje na Bunge lenyewe. Spika ndiye anayetoa ruhusa ya maandishi ya kutokuwapo, na Ibara ya 103 inasema anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa hiyo, na asiweze kutoa maelezo ya kuridhisha kwa kamati husika, hupoteza kiti. Kwa hiyo swali lako liwe: ulikuwa wapi, na je, ulikuwa na ruhusa?

Tafuta jina lake katika Hansadi nzima ya siku hiyo kabla ya kuuliza. Aliyezungumza asubuhi na kukosekana kwenye kura ya alasiri ana swali tofauti na aliyekuwa hospitalini juma zima. Wanaozungumza huandikwa jina, eneobunge na chama, kwa hiyo waweza kutafuta kwa eneobunge.

## Hatua ya 6: Kusanya alichowaambia nyumbani

Kura bila maneno ni nusu ya kazi. Unataka kulinganisha alichokiamua Nairobi na alichokisema kwenu.

Kusanya yenye tarehe tu: video ya mkutano wa hadhara, mahojiano ya redio, chapisho katika ukurasa wake rasmi, jarida la ofisi ya eneobunge, hotuba ya mazishini. Nakili maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia. Kama alisema kwa lugha ya mama, andika kwa lugha hiyo kwanza, kisha tafsiri chini yake. Ukianza na tafsiri, umempa mlango wa kusema hakusema hivyo.

Video ya sekunde ishirini usiitegemee hadi uipate nzima. Sentensi ya "mimi nitaupinga" inaweza kufuatiwa na "kama hawataondoa kodi ya mkate". Na katika mswada huu, kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kura ya mwisho.

Weka daftarini safu tatu: tarehe, alichosema au alichofanya, na mahali pa ushahidi. Panga kwa tarehe bila kuandika maoni yako. Ukurasa mmoja unatosha:

| Tarehe | Alichosema au alichofanya | Ushahidi |
|---|---|---|
| Kabla ya kura | Aliahidi mkutanoni kwamba ataupinga | Video nzima, dakika na sekunde |
| 20 Juni 2024 | Aliunga mkono, kusomwa mara ya pili | Hansadi, ukurasa |
| 25 Juni 2024 | Hayumo katika orodha | Hansadi, ukurasa |
| Baada ya kura | Alisema redioni kwamba "alisimama na wananchi" | Rekodi ya kipindi |

Umefaulu ikiwa jirani asiyefuatilia siasa anausoma ukurasa huo na kuuelewa bila wewe kuongeza neno.

## Hatua ya 7: Pima utetezi wake kabla hajautoa

Utetezi unaosikika sana ni huu: "Niliunga mkono hatua ya pili ili tuurekebishe katika kamati." Usiudharau. Kwa utaratibu wa Bunge ni hoja halali, kwa kuwa marekebisho hufanywa baada ya hatua ya pili.

Lakini unapimika. Marekebisho yanayokusudiwa huchapishwa katika orodha ya shughuli za siku (Order Paper), na kila moja lina jina la mbunge anayelileta. Fungua orodha ya siku ya Kamati ya Bunge Zima. Je, alileta lolote? Kama hakuleta, je, katika Hansadi aliunga mkono la mwenzake? Ukikuta alileta na likaanguka, liandike hilo katika ukurasa wako kwa haki kabisa.

## Hatua ya 8: Andika barua yenye swali moja

Barua fupi, tarehe, ukurasa, swali moja, na siku ya kutaraji jibu. Mfano:

> Mheshimiwa,
>
> Mimi ni mkazi na mpiga kura wa wadi ya …, eneobunge la ….
>
> Tarehe 20 Juni 2024, Mswada wa Fedha wa 2024 uliposomwa mara ya pili, Hansadi inaonyesha uliunga mkono (ukurasa …). Tarehe 25 Juni, uliposomwa mara ya tatu, jina lako halimo katika orodha yoyote. Tarehe …, katika mkutano wa …, ulituambia: "…"
>
> Naomba utueleze kwa maandishi: kwa nini hukupiga kura tarehe 25 Juni?
>
> Naomba jibu kufikia tarehe …. Tutalisoma lote, kama ulivyoliandika, katika mkutano wetu wa tarehe ….
>
> Ahsante.

Peleka nakala mbili ofisi ya eneobunge. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Karani akikataa kugonga, mwombe kwa upole aandike jina na tarehe kwa mkono. Tuma nyingine kwa barua pepe ya Bunge.

Onyo: Usitumie wala kusambaza nambari yake ya simu ya kibinafsi, na usiitaje familia yake. Ukifanya hivyo swali lako linazikwa, na mazungumzo yanakuwa juu ya mwenendo wako.

## Hatua ya 9: Barua isipojibiwa

Subiri siku uliyoitaja ipite. Andika mara ya pili, ukiambatanisha nakala iliyogongwa muhuri.

Kama unachokosa ni rekodi, kwa mfano ripoti ya kamati isiyoonekana mtandaoni, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa Karani wa Bunge la Taifa, likieleza waraka unaoutaka. Hulazimiki kutoa sababu. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14. Ukinyimwa, nenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (Commission on Administrative Justice) ndani ya siku 30.

Sheria hiyo hukupa nyaraka. Haimlazimishi mbunge kueleza dhamiri yake, kwa hiyo usiitumie kuuliza "kwa nini". Kama unataka Bunge lenyewe lichukue hatua juu ya jambo, Ibara ya 119 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi.

## Kama unamfuatilia seneta

Soma Ibara ya 123 kwanza. Katika jambo linalogusa kaunti, kila kaunti ina kura moja, na anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe wa kaunti, yaani seneta aliyechaguliwa, au mjumbe aliyemteua anapokosekana. Anatakiwa kushauriana na wenzake wa ujumbe huo kabla ya kuamua. Jambo hupita likiungwa mkono na wingi wa kaunti zote, yaani angalau 24 kati ya 47.

Kwa hiyo usimlaumu seneta wa kuteuliwa kwa kutoonekana katika orodha ya aina hiyo. Muulize kama alishauriwa, na alishauri nini. Jambo likiwa haligusi kaunti, kila seneta ana kura yake, na unarudi kwenye hatua za hapo juu.

## Jibu likifika

Lisome lote mbele ya watu, pamoja na sehemu inayompa haki. Kisha soma ukurasa wako wa safu tatu, bila kuongeza. Waache wasikilizaji waulize.

Kama jibu linasahihisha rekodi yako, fungua Hansadi mbele yao, hakikisha ukurasa, na urekebishe daftari hapo hapo. Bandika jibu karibu na barua, andika tarehe ya kupokelewa, na acha ukurasa unaofuata wazi kwa kura ijayo.